Naomba ushauri: murabaha ya lori, nisaini Tanga au Mombasa?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nataka lori la kubebea mchele kati ya Tanga na Mombasa, na riba siigusi. Benki za pande zote mbili zinanipa murabaha: benki inalinunua lori kwanza, kisha inaniuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, nami nalipa kwa awamu.

Kinachoninyima usingizi ni sheria. Uganda walirekebisha sheria yao ya mabenki mwaka 2016, wakaitambua benki ya Kiislamu kwa jina na kuidai bodi ya ushauri wa sharia. Kenya inazo benki hizi tangu 2008, Tanzania tangu 2011, lakini kwa sehemu kubwa ziko chini ya sheria ileile ya mabenki mengine.

Tukigombana je? Kenya kwa Kadhi siendi, maana Katiba ya 2010 imemwachia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Hakimu wa kawaida atausoma mkataba wangu kama mauzo au kama mkopo?

Aliyewahi kusaini anisaidie: kadi ya gari iliandikwa jina la nani kwanza? Na faini ya kuchelewa, ilikwenda sadaka au ilibaki benki?