Ruta imegoma baada ya apdeti kukatikia njiani: TFTP, fundi, au ninunue nyingine?

Mwenye_Stationery

Wakuu, habari za majukumu. Nina TP-Link Archer C7, kibandiko cha chini kinasema Ver: 2.0. Iko dukani kwangu miaka mingi, natoa kopi na kuchapa, haijawahi kunisumbua. Juzi usiku nikakuta kuna fimwea mpya (programu inayoiendesha ruta), nikasema ngoja nisasishe kabla sijafunga. Nikashusha faili, nikalipakia, mstari ukaanza kutembea. Ulipovuka nusu, giza. Na si mtaa mzima, ni mimi peke yangu: LUKU imeisha. Mita ilikuwa inalia pii pii tangu jioni, nikaipuuza.

Niliponunua umeme na kuiwasha, taa ya pawa ikawaka, zikafuata zote kwa pamoja, zikazima, zikaanza upya. Ni hivyo hivyo tangu siku hiyo. WiFi haionekani, 192.168.0.1 haifunguki. Riseti nimeibonyeza hadi kidole kinauma.

Fundi mmoja Kariakoo anataka 40,000, na hanihakikishii. Jirani ananiambia kuna kitu kinaitwa TFTP, njia ya kuipa ruta faili kwa waya, naweza kufanya mwenyewe. Mke wangu anasema ninunue nyingine tupumzike. Kwa waliopitia haya, njia ipi ina nafuu? Duka kwa sasa linaendeshwa na bando la simu, na mnajua bando linavyokimbia.

Mzee_wa_Waya

Pole sana mkuu. Kabla hujachagua njia, ujue kwanza kilichokufa ni nini.

Ndani ya chipu ya ruta kuna butiloda, kaprogramu kadogo kanakoamka kwanza umeme ukiingia. Halafu kuna fimwea yenyewe, ndiyo yenye kurasa za mipangilio, WiFi na mengine yote. Apdeti ya kawaida inaandika upya fimwea tu, butiloda haiguswi. Yako sasa inaamka, inaiita fimwea, inakuta nusu faili, inaanza upya. Huo mzunguko wa taa unaokutisha ndio unaonipa moyo. Ingekuwa taa imeganda moja siku nzima, au haiwaki kabisa, ningekuambia maneno mengine.

Riseti haikusaidii kwa sababu kazi yake ni kufuta mipangilio, na wa kuifuta ni fimwea, ambayo haipo. Lakini kitufe hicho hicho ukikishika *wakati unawasha*, butiloda ndiyo inayokiona, na hapo kinafanya kazi nyingine kabisa.

Kwa C7 v2 fanya hivi. Laptopu iwe na IP ya kudumu 192.168.0.66, maski 255.255.255.0, WiFi yake izime. Waya wa LAN uingie tundu la LAN la ruta, si lile la bluu la intaneti. Weka programu ya Tftpd64, na kwenye folda yake weka fimwea uliyoipa jina hili herufi kwa herufi: ArcherC7v2_tp_recovery.bin. Zima ruta, shika kitufe cha WPS/Reset, washa ukiwa bado umekishika, achia baada ya sekunde kama 10. Ruta yenyewe itakuja kuliomba faili hilo kwenye anwani hiyo. Ukiona imelichukua, kaa mbali na swichi ya ukutani dakika tano.

Gharama yake ni waya na jioni moja. Mimi ningeanzia hapo.

Kilometa_Saba

Naomba nitofautiane na mzee wangu kidogo. TFTP ni nzuri kwa anayependa kuchokonoa. Huyu ni mfanyabiashara. Jioni moja inakuwa tatu, na akishafanikiwa anabaki na ruta ya kizazi cha WiFi 5 ambayo fimwea yake ya mwisho ni ya zamani. Hata hiyo "mpya" aliyokuwa anaiweka, atazame tarehe yake. Angenunua nyingine, hiyo akaichokonoe Jumapili.

Mzee_wa_Waya

Hoja ya umri wa fimwea naikubali. Lakini mdau, kwa duka la kopi lenye kompyuta nne, WiFi 5 inapungukiwa nini?

Dada_wa_Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Pole kaka, huku nasi tunajua kilio cha mita, sema tunaita tokeni.

Nafanya kazi ya kufunga mitandao kwenye nyumba za wageni, kwa hiyo zimenipita mkononi za kila aina. Uokoaji haufanani, na hilo watu hulijua wakiwa wameshanunua:

D-Link nyingi ndizo rahisi. Ukiiwasha huku umeshika riseti, inakufungulia ukurasa mdogo wa dharura pale pale 192.168.0.1, unachagua faili, basi. Unahitaji kivinjari tu, na IP ya kudumu kwenye laptopu.

ASUS ina hali ya uokoaji. Taa ya pawa inapepesa polepole, unatumia programu yao wenyewe kuisukumia faili. Nayo si ngumu.

MikroTik unaiokoa kwa programu yao ya Netinstall. Waya tundu la kwanza, shika riseti unapowasha, itokee kwenye orodha ya laptopu. Ikishakubali haikuangushi, ila mara ya kwanza utajuta kuzaliwa, maana laptopu yenye kadi mbili za mtandao huichanganya. Zima zote, acha moja.

Linksys za ukoo wa WRT1900AC na WRT3200ACM zina nafasi mbili za fimwea. Mpya ikiharibika, unaiwasha na kuizima mara tatu mfululizo kabla haijamaliza kuamka, inarudi kwenye ile ya zamani. Hizi ndizo ningempa mama yangu.

TP-Link ya kaka hapa iko katikati. TFTP yake inafanya kazi vizuri, lakini jina la faili likikosea hata herufi moja inanyamaza tu, wala haikuambii kosa.

Mwenye_Stationery

Nashukuru wote. Nimejaribu TFTP jana, mara sita. Jina nimelikopi kama lilivyo, IP ni hiyo, waya uko LAN 1. Kidirisha cha Tftpd64 ni cheupe, hakuna kilichoombwa. Kitu kimoja nimekiona: kila nikiwasha ruta, pale chini kwenye laptopu alama ya mtandao inaweka msalaba mwekundu, inatoka, inarudi. Ndiyo kawaida?

Fundi_Nyaya

Hapo kwenye msalaba mwekundu ndipo penye mchezo, mkuu.

Ruta ikizimwa, waya unakuwa umekufa, kwa hiyo Windows inaizima kadi ya mtandao. Ukiwasha, Windows inahitaji sekunde kadhaa kuiamsha kadi na kuirudishia IP. Butiloda haina subira hiyo, inaita mara chache, haijibiwi, inaendelea na safari yake. Laptopu inapokuwa tayari, mgeni keshaondoka.

Dawa: tafuta swichi yoyote ya mtandao, hata ile ya matundu matano ya bei ya chini. Laptopu iingie kwenye swichi, ruta nayo iingie kwenye swichi. Hivyo laptopu inaona waya uko hai muda wote, hata ruta ikiwa imezimwa.

La pili ni ulinzi wa Windows, yaani firewall. TFTP inapita mlango wa UDP 69, na Windows inaufunga bila kukuuliza, hasa ikiwa mtandao huo imeuita wa umma. Uzime huo ulinzi kwa dakika kumi za kazi, ukimaliza uurudishe.

La tatu, hakikisha umetoa faili kwenye zipu. Wapo wanaobadilisha jina la zipu yenyewe kuwa .bin. Nimekutana nao, na mmoja alikuwa mimi.

Na kwa kuwa mimi ni fundi, niseme kuhusu ile 40,000. Kuna kazi mbili tofauti humo, uliza unalipia ipi. Ya kwanza ni kufungua boksi na kuunga waya wa serio: nyaya tatu tu, TX ya kutuma, RX ya kupokea na GND ya ardhi, umeme wa volti 3.3, kasi 115200. Waya wa nne wa umeme hauungwi, ruta ina adapta yake. Hapo unaiona butiloda ikiongea, na kwenye TP-Link nyingi za zama hizo una sekunde moja ya kuandika "tpl" ili isimame ikusikilize. Ya pili ni kubandua chipu, au kuibana kwa klipu, na kuiandika upya kwa CH341A, kifaa cha kuandikia chipu. Hiyo ni ya butiloda iliyokufa, yako haijafika huko.

Tena tahadhari na hiyo ya pili. Kwenye chipu kuna kipande kinaitwa ART, ndimo vinamokaa vipimo vya redio vya ruta yako peke yake, vilivyopimwa kiwandani. Fundi mvivu anachukua nakala nzima kutoka ruta nyingine na kukumwagia. Itawaka, utafurahi, kisha WiFi inafika mlangoni tu, na una MAC, namba ya utambulisho wa kifaa, ya mtu mwingine. Muulize kama anasoma na kuhifadhi chipu yako kabla ya kuandika. Akikutazama kama hakuelewi, chukua ruta yako.

Kilometa_Saba

Hilo la ART limenifumbua macho. Nina moja ilitoka kwa fundi mwaka juzi, tangu hapo WiFi haivuki sebule. Nikalaumu kuta.

Bi_Kidude_Cha_Waya

Samahanini kwa kuingilia. Mimi ninacho kile kiboksi cha faiba nilicholetewa na kampuni. Wiki iliyopita kilijizima na kujiwasha usiku, tangu hapo taa nyekundu. Nacho nikifanyie hiyo TFTP?

Dada_wa_Nyali

Hapana mama, usikiguse. Hicho ni chao. Kampuni inakifikia kwa mbali kupitia mfumo wa TR-069, ndio unaokisasisha usiku bila kukuuliza, na laini yako imefungwa kwa namba ya kifaa hicho. Hata ukifanikiwa kukiwekea fimwea nyingine, upande wao hakitatambulika. Pia taa nyekundu kwenye faiba mara nyingi ni mwanga haufiki, pengine waya ule mwembamba umepindwa. Tazama kama kuna kabati limeusukuma, kisha wapigie.

Bi_Kidude_Cha_Waya

Wallahi ni kabati. Asante mwanangu.

Mpenda_Huru

Nimechelewa, lakini hakuna aliyetaja OpenWrt, ile fimwea huria unayoiweka badala ya ya kiwandani? C7 v2 ina megabaiti 16 za chipu na 128 za RAM, inaimudu bila shida. Si kama TL-WR841N za zamani zenye 4 na 32, ambazo OpenWrt iliziacha kwa sababu haienei. Hapo hoja ya Kilometa_Saba kuhusu fimwea ya zamani inapata jibu, unaendelea kupata marekebisho ya usalama. Na kila faili lao linakuja na SHA256, namba ya kuhakiki kwamba halijaharibika, unailinganisha kwa amri ya Windows certutil -hashfile jina_la_faili SHA256 kabla ya kulipakia.

Ila ushauri wangu: rudisha kwanza ya kiwandani kwa TFTP, ikae siku mbili tatu, ndipo uhamie. Na siku ukitaka kurudi ya kiwandani ukiwa ndani ya OpenWrt, tazama jina la faili. Likiwa na neno "boot", ndani yake kuna butiloda pia, na ukiliandika hivyo hivyo unaiua. Zinakatwa baiti 131,584 za mwanzo, yaani kwa amri ya dd yenye bs=512 na skip=257.

Fundi_Nyaya

Wateja wangu wa CH341A nusu yao wametokea kwenye hilo neno "boot".

Mwenye_Stationery

Wakuu, ruta imerudi!

Nilianza kwa kununua umeme, uniti za kutosha. Swichi niliazima kwa kijana wa intaneti kafe. Nikazima ulinzi wa Windows. Mara ya kwanza kimya. Nikalitazama tena lile faili, kumbe Windows ilikuwa inaficha mwisho wa jina, nikaandika .bin juu ya .bin, likawa ArcherC7v2_tp_recovery.bin.bin. Siku zote hizo! Nikalirekebisha, nikashika kitufe, nikawasha. Kidirisha kikaandika mstari mmoja, ruta imeomba faili, kisha kikaanza kuhesabu vipande. Sikupumua. Dakika mbili baadaye ikajizima na kujiwasha yenyewe, WiFi ikatokea na jina lile la kiwandani.

Fundi_Nyaya, soda yako iko dukani. Kilometa_Saba, ukweli ni kwamba zimepita siku tano, na bando limekula karibu nusu ya bei ya ruta mpya, kwa hiyo hukukosea sana. OpenWrt nitajaribu Jumapili.

Kilometa_Saba

Jumapili kabla hujagusa kitu, mita ina uniti ngapi?

Mwenye_Stationery

31.7. Na nimeazima UPS ya jirani.