Gumzo la Ukoo: Maneno au Mabavu?

Binti (Kidato cha Tatu): Shikamooni wakubwa wote. Jumamosi shuleni kwetu kutakuwa na mdahalo, na mada ni kwamba maneno na akili vina nguvu kuliko mabavu. Kura imeniangukia upande wa kupinga, yaani natakiwa kuyatetea mabavu, jambo ambalo moyoni siliamini. Mwalimu ametukataza kujenga hoja kwa methali tupu. Anataka mifano ya historia. Naombeni msaada.

Shangazi (Tabora): Marahaba, mwanangu. Pole, maana upande wa pili wakiijua historia ya mji huu watakumaliza mapema. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, huku masharti ya kipato, elimu au kazi yakiwaacha nje Waafrika walio wengi. Wajumbe wengi walifika na hasira zao, wakitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwaonyesha kwamba wakisusa watakuwa wamekiachia viti chama cha UTP, ambacho Gavana Twining alikipenda, na kwamba njia ya uhuru itazidi kurefuka. Hakuwa na askari hata mmoja wa kuwalazimisha, alikuwa na hoja tu, na kikao kikageuka. TANU iliingia katika uchaguzi ikiwaunga mkono hata wagombea wa Kizungu na wa Kiasia waliokubaliana nayo, ikashinda, na UTP haikuinuka tena.

Baba Mdogo: Dada amesema kweli, na mimi niliyefundisha somo hili hadi nikastaafu naongeza jambo moja. Mwaka huohuo wa 1958 Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa makala iliyodaiwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa. Serikali yenye polisi na bunduki haisumbuki kumfikisha mtu mahakamani kwa karatasi isiyo na nguvu. Linganisha na vita vya Maji Maji. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu wakaamua kuing'oa. Kufikia 1907 Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na makadirio ya vifo huanzia 75,000 hadi kufikia 300,000. Waliotumia mikuki walipata njaa. Waliotumia hoja walipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu, nanyi wanangu hamjambo. Nimesoma kimya, lakini hapa nanyamazaje? Baba Mdogo, umejifunga goli mwenyewe. Maji Maji ilianza kwa maneno. Kinjekitile, mganga wa Ngarambe, hakuwa na kiwanda cha baruti. Alikuwa na ahadi kwamba maji ya dawa aliyowagawia watu yatageuza risasi kuwa maji, na ahadi hiyo iliwaunganisha Wamatumbi, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao hapo awali hawakuwa na kiongozi mmoja. Kama kuna maneno yaliyowahi kuwa na nguvu katika nchi hii, ni yale. Kisha wakakutana na bombomu la Mjerumani, yaani bunduki ya rashasha, huko Mahenge. Sasa niambie, siku ile kilishinda kipi? Mjukuu, mfano huo ni wako, usikubali wakunyang'anye.

Binti: Babu, asante sana. Nilikuwa nimeuandika upande wao.

Mama Mkubwa (Mombasa): Shikamoo, Baba. Mimi nauliza kuhusu safari ya Nyerere kwenda New York, Machi 1955, alipozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Huku Kenya hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na Mau Mau walikuwa msituni. Je, Mwingereza angekuwa na masikio yale kwa mwalimu wa Pugu kama asingekuwa anaona moshi ng'ambo ya mpaka?

Baba Mdogo: Hilo siwezi kulikataa, ingawa lina upande wa pili. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Mwingereza alitakiwa kutoa taarifa na kupokea wajumbe wa kukagua. Kwa hiyo maneno ya Nyerere yalimkuta mtu ambaye lazima ajibu.

Babu: Hapo ndipo penyewe. Maneno yana nguvu kwa mtu anayelazimika kujibu. Iddi Amin alimjibu nani? Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, na baada ya siku chache akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni la Uganda. Nchi za Afrika zikashauri tuzungumze. Tarehe 2 Novemba Nyerere, yuleyule wa Tabora, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Nilikuwa jeshini. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, na ilibidi kuweka daraja la kuelea ndipo magari yapite. Hotuba haikuvuka mto. Sisi ndio tuliovuka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwetu pamoja na wapiganaji wa Uganda.

Shangazi (Tabora): Baba, shikamoo. Lakini hayo maneno matatu ndiyo yaliyowafanya raia wakubali kutoa ng'ombe, magari na vijana wao. Hata Amin alitaka maneno ya aina yake: bondia yule alipendekeza vita viishe ulingoni, yeye na Nyerere, Muhammad Ali akiwa refa.

Babu: Marahaba. Nakumbuka, na kambini tulicheka sana. Nakubali kwamba hotuba ilitupa moyo, lakini moyo peke yake ungebaki ukingoni mwa mto, ukitazama maji.

Binti: Basi nitaanza na Maji Maji kabla hawajaitumia wao, kisha swali la Mama Mkubwa kuhusu Mau Mau, halafu nimalizie kwa Kagera. Tabora nitaiacha waitaje wenyewe.

Baba Mdogo: Umepanga vizuri, ila jiandae kwa pigo moja. Watakwambia kwamba Wajerumani walishinda kwa mabavu lakini hawakuweza kuendelea kutawala kama zamani: Gavana Rechenberg, aliyeshika madaraka 1906, aliachana na mashamba ya pamba ya kulazimishana na akajaribu kulegeza utawala. Watasema hiyo ndiyo akili ikiyashinda mabavu. Utajibu nini?

Binti: Baba Mdogo, lakini si ni wale wenye mikuki waliomfanya alegeze? Naona huo nao ni wangu.

Babu: Mpeni mtoto vocha.