Naomba ushauri: kilele cha sekunde 120 kwenye vipimo vya AR Scorpii, ni nyota au ni gia?

Habari wakuu. Napima mwanga wa AR Scorpii, ile jozi ya kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa) na kibete chekundu (nyota ndogo hafifu) katika kundinyota la Nge. Kibete cheupe kinajizungusha kwa sekunde 117, ila kwa kuwa viwili hivyo huzungukana, mwanga hupiga (huongezeka na kupungua) kwa sekunde 118.2, tena kwa vilele viwili, yaani kila sekunde 59 hivi.

Natumia darubini ya kioo ya milimita 200, f/5, kamera ya CMOS bila kichujio, picha za sekunde 10. Kuongeza sitaki: kwa sekunde 30, mapigo ya sekunde 59 hupoteza zaidi ya theluthi ya kimo chake.

Shida ni kilele kipana karibu na sekunde 120 kwenye grafu ya vipindi vya mabadiliko ya mwanga. Skrubu ya gia ya stendi inayozungusha darubini kufuata nyota humaliza mzunguko kwa sekunde 480, na robo yake ndiyo hiyo 120! Nyota ya ulinganisho (ya mwanga usiobadilika, ninayopimia nayo) nayo inacho, ila kifupi. Nashuku nyota zinatambaa juu ya pikseli zenye usikivu tofauti.

Je, niweke kamera ya kuongoza (inayosahihisha mwendo wa darubini), au nilegeze fokasi kidogo? Kulegeza kunanitia wasiwasi, maana AR Scorpii ikififia hukaribia magnitudi 17, yaani hafifu sana.

Pia, kutenganisha 117 na 118.2 kunadai mfululizo unaozidi saa 3.56 za obiti yao. Mawingu yakikatiza, naweza kuunganisha usiku tofauti nikisharekebisha muda hadi kitovu cha mfumo wa Jua (ili mwendo wa Dunia usivuruge muda wa mwanga kufika)? Saa ya kompyuta inafuata NTP (huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao); inatosha, au GPS ni lazima?