Tupeane uzoefu: mapambo ya meza na vizawadi vya harusi tulivyotengeneza wenyewe, Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mleta uzi

Wadau, habari za jioni. Mvua zimekatika na msimu wa harusi ndio huu, kumbi kuanzia Buhongwa mpaka Ilemela zimejaa kila Jumamosi. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliotengeneza mapambo ya meza na vizawadi vya wageni kwa mikono yao, wao na ndugu na majirani, bila kumwachia mpambaji kila kitu. Nimekaa kwenye kamati za mapambo za ndugu zangu kwa miaka kadhaa. Nianze na yangu, kisha mmwage ya kwenu.

Rangi kwanza, maana ndiyo inayogombanisha mawifi. Watu huchagua rangi mchana, mlangoni mwa duka, kitambaa kikiwa juani. Sherehe yenyewe ni usiku. Zambarau iliyokoza na bluu nzito chini ya taa za njano za ukumbini zinaonekana nyeusi, na meza nzima inapoa. Kama bibi harusi anaipenda zambarau, apewe, siku ni yake, ila iwekwe karibu na rangi inayong'aa: manjano ya embe, pinki kali, chungwa, kijani cha limao. Mimi huchukua vipande vya vitambaa vyote, napeleka ukumbini jioni, naomba wawashe taa zilezile za siku ya sherehe, navitandika mezani mbele ya wenye shughuli. Ubishi unaisha palepale.

Halafu, kabla hamjanunua vitu vya meza thelathini, tengenezeni meza moja ya mfano. Kamili: kitambaa, chombo cha katikati, namba ya meza, sahani, glasi, vizawadi kumi. Watu kumi wakae kwelikweli. Mtaona kama chombo cha katikati kinawaziba wanaotazamana wasionane, na kama vinywaji vikishuka sahani ya pilau bado ina pa kukaa. Siku hiyohiyo mmoja ashike saa wakati kizawadi kimoja kinafungwa. Kizawadi cha dakika tatu, ukizidisha kwa wageni 300, ni saa 15 za kazi. Gawanya kwa idadi ya mikono mliyonayo. Watu wengi wanapiga hesabu ya hela tu, hesabu ya mikono wanaiacha, ndiyo maana unakuta dada wa bibi harusi anafunga riboni usiku wa manane na kesho anatakiwa kusimamia.

Kuhusu vitu vya kupambia, mimi naamini katika kuanza na kilichopo kwetu. Usukumani tuna pamba. Kwenye harusi ya mdogo wangu tuliomba kwa wakulima wa Magu matawi yenye matumba yaliyopasuka, ile pamba nyeupe bado iko kwenye kikombe chake kikavu. Tukayafunga matatu matatu kwa utepe wa chungwa na pinki, tukayasimamisha kwenye chupa zilizozungushiwa kamba ya katani. Weupe ule unapokea taa vizuri sana, na wazee waliokuwepo walifurahi kuona jasho lao limewekwa meza kuu. Angalieni mambo mawili. Ncha za kikombe kile ni kali, zinavuta nyuzi za kitambaa cha satini, kwa hiyo zikatwe kwa mkasi. Na sherehe ikiisha, matawi yachomwe. Mkulima wa pamba hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno ili wadudu wasivuke kwenda msimu unaofuata, na matawi yenu ni masalia vilevile.

Haya, karibuni.

Fundi wa Mabatini

Asante mleta uzi. Mimi ni fundi cherehani. Nataka kusema kuhusu mapande ya vitenge, kwa sababu kila siku tunafagia utajiri. Ukienda kwa fundi yeyote ukamwomba akuwekee mapande kwa mwezi mmoja, utapata gunia, na wengi wetu hatudai hela.

Ua la kitenge linatengenezwa hivi. Kata duara la ukubwa wa kisosi. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono, pembeni kuzunguka duara lote, vuta uzi taratibu mpaka kitambaa kijikunje, kaza fundo, kisha shonea kitufe katikati. Ukitaka lisimame lisilale, kabla ya kukata loweka kitambaa kwenye maji ya wanga wa muhogo, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Linakuwa gumu kama kola ya shati. Kata kwa mkasi wa meno ili nyuzi zisichomoke.

Watu wanaogopa kuchanganya vitenge vyenye michoro tofauti. Msiogope, ila chagueni rangi moja ipatikane kwenye vyote. Mwaka jana tulifanya meza ambazo hakuna ua lililofanana na jenzake, lakini kila pande lilikuwa na manjano ndani yake. Kitambaa cha chini kiwe cha rangi moja isiyo na mchoro. Michoro juu ya michoro macho yanachoka.

Binti Nyegezi

Mimi nilifanya yangu bustanini, kandokando ya ziwa, saa tisa mchana. Anayepanga kufanya nje asome hapa.

Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kuja kwetu, na alasiri ndipo unapokolea. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kadi za majina, karatasi za menyu, neti, maua ya karatasi, vyote vinataka kitu cha kuvishika. Sisi tulitumia mawe. Mji huu mawe hatununui. Tuliokota yale laini ya ukubwa wa ngumi, tukayaosha, tukayakausha juani mpaka ndani, tukayapaka rangi ya maji ya ukutani kila moja rangi yake, na juu yake kaka yangu akaandika namba ya meza kwa rangi nyeupe. Jiwe moja namba, mawili madogo ya kushikia kitambaa pembeni. Wageni wengi waliomba kuondoka nayo, na tuliwaruhusu.

Mishumaa msiiweke wazi. Weka kwenye glasi ndefu, chini mchanga mkavu vidole viwili, mshumaa uzame humo. Na usikae karibu na neti wala pamba, hata kama picha zinapendeza.

Jambo jingine ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka kwa wingi jioni na kufuata taa. Tulizima taa nyeupe zilizokuwa juu ya meza, tukaacha za njano hafifu mezani, zile kali tukazipeleka mbali pembeni ya uzio. Wadudu walikwenda huko.

Mama wa Igoma

Wanangu, mimi nizungumzie vizawadi. Kwangu kizawadi kizuri ni kile mgeni anachokila au kukitumia nyumbani. Sanamu ndogo za plastiki zinaishia kabatini.

Kwa binti yangu tulifunga karanga za kukaanga zenye sukari, na ubuyu wa rangi. Ubuyu ule mwekundu ndio pambo lenyewe, huna haja ya kuongeza kitu. Karanga zina siri yake. Zinachuja mafuta. Ukizitia kwenye mfuko wa kaki peke yake, kesho yake mfuko una madoa na majina ya maharusi hayasomeki. Tulikata karatasi laini ya kuokea, ile isiyopitisha mafuta, tukaitanguliza ndani, ndipo karanga. Na zipoe kabisa kabla ya kufungwa, maana joto likifungiwa ndani linaleta unyevu na karanga zinalainika. Zikaangwe siku mbili kabla, si wiki nzima.

Mifuko ya plastiki tuachane nayo, imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na kaki ukiifunga kwa utepe inapendeza kuliko plastiki. Rola moja ya riboni ya yadi 25 ni mita 22 na ushee. Ukikata sentimita 30 kila kipande unapata zaidi ya 70. Kwa wageni 300 nunueni rola tano, moja ni ya akiba, maana kuna watoto watakaozifunga nywele.

Kijana wa Kamati

Shikamoo mama. Hapo kwenye vizawadi nina swali kwa wote: mnaviweka mezani au mnagawa mlangoni? Kwenye kamati yetu tuliviweka mezani, waliofika mapema wakachukua viwiliviwili, wazee waliochelewa kutoka Misungwi wakakuta meza tupu. Iliniuma, maana mzee amesafiri kutwa nzima.

Mama wa Igoma

Marahaba mwanangu. Mlangoni, wakati wa kutoka, na wagawe mabinti wawili wenye sare, kwa mikono miwili. Mezani acheni vya meza kuu na vya wazee tu. Hesabu iende na kadi: ya mmoja kimoja, ya wawili viwili. Kisha ongezeni kidogo kwa ajili ya wapishi, MC, wapiga picha na madereva. Hao watu wanafanya kazi usiku kucha na mara nyingi wanasahaulika.

Mleta uzi

Mama nakubaliana na wewe kuhusu wapishi na madereva, sana. Kuhusu mlangoni natofautiana kidogo. Kizawadi chenye rangi kinajaza meza, na kama bajeti ni ndogo hicho ndicho pambo. Tulichofanya sisi ni kufunga kila kizawadi pamoja na kitambaa cha mkono juu ya sahani. Mgeni anaona hiki ni cha kiti hiki, hagusi cha jirani. Lakini viti viwe vimepangwa kwa kadi. Kama kila mtu anakaa anapopata, fuateni ushauri wa mama.

Mwenyeji wa Bukoba

Ng'ambo ya huku hatuna haja ya kuumiza kichwa. Kizawadi chetu ni kahawa ya kutafuna. Buni za robusta huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa zikiwa na maganda yake, mgeni anatafuna mbili tatu huku mnazungumza. Kwa Wahaya kumpokea mgeni kwa kahawa ni heshima ya tangu zamani, kwa hiyo ukimpa kwenye harusi hata bibi wa miaka tisini anajua umemthamini.

Tulizifunga kwenye maganda makavu ya mgomba. Chagua ganda lisilo na mpasuko, lipitishie kitambaa chenye maji lilainike, likunje pembetatu, weka buni kama kumi, funga kwa kamba ya mgomba wenyewe. Rangi ya ganda ni kahawia, na anayetaka rangi achomeke ua dogo la kitenge kama alivyoeleza fundi. Mimi niliweka jekundu. Ganda likiwa na maji mengi linaota ukungu, kwa hiyo vifurushi vikae sehemu ya hewa siku nzima kabla ya kuwekwa kwenye maboksi.

Nansio Kwetu

Sisi Ukerewe tulipamba kwa machungwa. Kila meza ungo mmoja, chini majani mabichi ya mchungwa wenyewe, juu machungwa yaliyoiva na ndimu za kijani, katikati nanasi moja limesimama na taji lake. Hatukupaka wala kugundisha kitu. Ukumbi ulinukia. Baada ya chakula visu vikaletwa, watu wakala pambo lao, maganda tu ndiyo yaliyobaki.

Vitambaa na vizawadi vilitoka Mwanza kwa meli. Msifunge mapambo yakiwa yamekamilika. Pakieni bapa: vitambaa vimeviringishwa kwenye bomba la karatasi ili visijikunje, maua ya kitenge yamepangwa kwenye trei za mayai, kila shimo ua lake. Trei zile zinapangika juu kwa juu na hata mzigo ukisukumwa bandarini ua halibonyei. Kuunganisha kufanyike ukumbini.

Dada wa Pasiansi

Trei za mayai! Wabeja sana, hiyo nakwenda nayo. Jamani mimi harusi ni Desemba na nimeipenda pamba ya mleta uzi. Nitaipata? Na maua mabichi vipi, maana yale ya kutoka Arusha bei inanishinda.

Mleta uzi

Dada, Desemba pamba ndiyo kwanza iko shambani changa. Usiweke matawi ya msimu huu mpaka wakati huo, kwa sababu ya wadudu niliowataja. Kwa Desemba angalia bogenvilia, ile yenye miiba inayopanda kwenye kuta za nyumba nyingi hapo Pasiansi na Bwiru. Ina pinki, chungwa, nyekundu, nyeupe, na majirani wanakuachia ukiomba kwa adabu. Ikikatwa na kuachwa bila maji inanyauka upesi, kwa hiyo kata alfajiri, toa majani ya kijani yote, tumbukiza vishina kwenye ndoo ya maji mpaka shingoni, weka kivulini. Au vunja vishada tu uviache vielee kwenye bakuli la kioo lenye maji. Yale tunayoyaita maua yake kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi, laini na makavu, ndiyo maana hata yakikauka rangi haipotei haraka. Anza kukausha kidogo sasa kati ya kurasa za daftari la zamani, utayabandika kwenye kadi za majina.

Desemba kuna mvua pia. Kama ni nje, weka mpango wa turubai mapema, na rangi za maji kwenye mawe zipakwe vanishi. Ukifika kwenye meza ya mfano nijulishe humu, mimi niko karibu na Kirumba, nitakuja kukaa kwenye kiti kimojawapo.