Hivi usumbufu "hujitokeza" wenyewe?

Ndugu zangu, naomba nitoe dukuduku langu, kwa sababu nimechoka kusikia wakurugenzi wakituomba radhi "kwa usumbufu uliojitokeza", kana kwamba usumbufu una miguu na uliingia ofisini bila mtu yeyote kuufungulia mlango. Sikilizeni vitenzi vyao: fedha zilipotea, taarifa zilivuja, makosa yalifanyika. Mtenda hayumo. Faida ikipanda, kitenzi kinarudishiwa mwenyewe siku hiyohiyo, nasi tunaelezwa kwamba niliongoza, nilisimamia, nilithubutu. (Neno "changamoto" silizungumzii, maana litanimalizia uzi.)

Aprili 2017, mjini Chicago, abiria aliyekuwa ameketi kwenye kiti alichokilipia aliburutwa nje ya ndege huku akivuja damu, na mkurugenzi mkuu wa shirika la ndege la United wakati huo, Oscar Munoz, katika taarifa yake ya kwanza akaomba radhi kwa kulazimika kuwapangia wateja safari upya. Damu ikageuzwa kuwa suala la ratiba! Radhi ya maana ilitolewa kesho yake, baada ya watu kuwaka. Oktoba mwaka huohuo, Richard Smith, aliyekuwa ameondoka katika uongozi wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, baada ya taarifa za watu zaidi ya milioni 140 kuibwa, aliliambia Bunge la Marekani kwamba anawajibika, kisha akafafanua kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakufikisha ujumbe wa kuziba pengo la usalama katika programu ya kompyuta. Kuwajibika gani huko ambako kosa linashuka ngazi hadi kwa mtu asiyetajwa jina?

Ishara nazo zina kazi yake. Mkono huwekwa kifuani, sauti hushushwa, mikono ya shati hukunjwa kama ya fundi aliyeacha kazi ili aje kutusikiliza, na swali likiwa gumu kichwa huinamishwa polepole hadi muulizaji aone haya kuendelea.

Mkubwa wetu wa kazi, alipotangaza kwamba wafanyakazi watapunguzwa kwa sababu ya mkopo ambao yeye ndiye aliyeuidhinisha, alisema "sote tulikosea" huku akiuzungusha mkono ukumbi mzima, kutoka kwa wahasibu hadi kwa wahudumu wa usafi waliosimama mlangoni wakisubiri kikao kiishe. Mimi, karani ambaye sikuwahi kuulizwa lolote kuhusu mkopo huo, nilijikuta ndani ya duara lile. Mkono ulipomaliza kuzunguka, yeye peke yake ndiye aliyekuwa nje.