Huyu "Paganis" aliyeandikwa kwenye ubatizo wa babu ni nani?

Mjukuu_wa_Kibosho:
Wakuu, naomba msaada wa Kilatini. Jana nilikwenda parokiani Kibosho kutafuta ubatizo wa babu mzaa baba. Nilifunuliwa daftari, nikanakili kwa penseli:

"Die 4 8bris 1912 baptizavi in periculo mortis Aloysium, adultum, ex parentibus paganis. Patrinus fuit Josephus catechista."

Pembeni, kwa mwandiko mwingine: "Matrim. 6 Jan. 1919."

Hapo kwenye "paganis" ndipo ukoo umegawanyika. Baba mdogo anaapa huyo ni Mgiriki mwenye shamba la kahawa, eti ndiyo maana pua zetu zimechongoka. Shangazi hamsemeshi tangu Jumapili. Halafu hiyo "8bris" tumeisoma mwezi wa nane, na Agosti hiyo tunasimuliwa babu alikuwa bado Taveta kwa wajomba zake.

Kabrasha:
Mkuu, mpe pole baba mdogo. "Ex parentibus paganis" ni "wa wazazi wapagani", yaani wasiobatizwa. Misheni ilianza 1893, wazazi wa mtu mzima wa 1912 wangebatizwa lini? Pekua kurasa za jirani. Ukilikuta neno hilo tena na tena, basi Mgiriki huyo kazaa Kibosho nzima.

8bris si Agosti, ni Oktoba. Octo ni nane, ila mwaka wa kale wa Warumi ulianzia Machi. Vivyo hivyo 7bris ni Septemba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Taveta yenu iko salama.

Sista_Mstaafu:
Mwanangu, "in periculo mortis" ni hatari ya kufa. Babu alikuwa mahututi, akamwagiwa maji harakaharaka. Tazama kama kuna "caeremoniae suppletae": aliyepona alirudi kanisani kukamilishiwa ibada.

Kilatini hugeuza mwisho wa jina. Aloysius, Aloysium, Aloysii, wote ni Aloisi mmoja. Ukikuta "filius Aloysii", yaani mwana wa Aloisi, usidhani umepata ukoo mpya. Patrinus ni baba yake wa ubatizo, hapa katekista Yosefu.

Ya pembeni, "Matrim." yaani ndoa, ndiyo mali. Tangu 1908 Roma iliagiza ndoa ziandikwe pia kwenye daftari la ubatizo. Omba daftari la ndoa la 1919, bibi yako yumo.

Mjukuu_wa_Kibosho:
Asanteni sana. Huyo mahututi tulimzika 1978! Nimempigia shangazi, kacheka mpaka simu ikamponyoka. Baba mdogo yeye anauliza: kwani Mgiriki hawezi kuwa mpagani?