Pawa saplai ya volti 12 chanya na hasi kwa sinthesaiza ya kujiundia: trafo, ya kuswichi, au betri mbili?

MwishoWaReli (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijamwaga hela.

Kwa miezi minane sasa naunda sinthesaiza ya moduli (ala ya muziki ya umeme yenye vipande vinavyounganishwa), moja baada ya nyingine, mezani chumbani kwangu. Zimefika sita: osileta mbili (zinazotoa noti), kichujio (kinachochuja sauti), miksa, amplifaya ndogo na sikwensa ya hatua nane (inayopiga noti kwa zamu). Nafuata vipimo vya Eurorack, mfumo alioutoa Mjerumani Dieter Doepfer mwaka 1995, kwa sababu michoro yake ni mingi na inaeleweka. Mfumo huo unadai volti 12 chanya, volti 12 hasi, na sifuri katikati. Hapo ndipo nilipokwama. Mpaka leo nachezesha moduli mbili tu kwa wakati mmoja, kwa betri za mraba za volti 9, na zinaisha kama njugu.

Nimepima moduli moja moja na kujumlisha: upande wa chanya miliampia 310, upande wa hasi 240. Nikiongeza mbili tatu nitafika nusu ampia kila upande.

Njia ninazoziona ni tatu. Trafo (transfoma) ya kizamani na regulata 7812 na 7912, za kushikilia volti 12 chanya na hasi. Pawa saplai ya kuswichi ya kiwandani (inayokata na kuwasha umeme kwa kasi kubwa), unafunga skrubu unaendelea na maisha. Au betri. Ninachoogopa ni mvumo kwenye spika, na umeme wa mtaani kwetu ambao jioni, watu wakiwasha pasi na majiko, unalegea kabisa. Aliyewahi kujenga aniambie alichokiona kwa macho yake.

FundiWaUjiji

Mwanangu, mimi nafungua redio tangu enzi za kaseti. Kwa mtu anayejali sauti nasema trafo, na wala usiagize Dar. Zunguka kwa mafundi wenzangu uulize sabufa zilizokufa. Sabufa nyingi zinakufa bodi, trafo yake inabaki nzima. Utakuta waya tatu za upande wa pili: mbili za rangi moja na moja ya katikati. Hiyo ya katikati ndiyo sifuri yako.

Lakini usichukue yoyote tu. Nyingi ni 12-0-12, na hapo ndipo vijana wanapoingia mkenge, wanaona 12 wanadhani ndiyo wanayoitaka. Twende kwa hesabu. Trafo ya 15-0-15 kwenye umeme kamili wa 230 inatoa kilele cha 15 mara 1.414, yaani 21.2. Toa 0.7 ya daiodi, una 20.5. Umeme ukishuka mpaka 180, kilele kinabaki kama 15.9. Kapasita ya maikrofaradi 4700 ikibeba nusu ampia, volti zinapanda na kushuka kama 1, kwa hiyo chini kabisa unapata 14.9. Regulata 7812 inataka kama volti 2 juu ya ile inayotoa, yaani 14. Umepita, japo kwa kubana.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa 12-0-12. Umeme ukiwa 180 kilele ni 12.6, hata kabla ya kutoa ile volti moja. Regulata inashindwa kazi, na mvumo wa daraja la daiodi (zile daiodi nne zinazonyoosha umeme) unapita moja kwa moja mpaka kwenye spika. Mvumo huo ni wa hezi 100, mara mbili ya 50 za umeme wetu. Kwenye kibodi ni karibu kabisa na noti ya G, ambayo ni 98. Ukishausikia ndani ya wimbo hutaacha kuusikia.

Tafuta trafo ya ampia 1 au zaidi hata kama unakula nusu, kwa sababu kapasita hazinywi umeme taratibu, zinapiga mafunda makubwa ya haraka kwenye kila kilele. Upande wa 230 weka fyuzi ya nusu ampia ya ile inayochelewa kukatika, na waya wa ethi ufunge kwenye boksi la chuma. Hilo halina mjadala.

Isevya_Sauti (Tabora)

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote naomba nipingane. Mimi natumia Mean Well RT-65B, pawa saplai ya kuswichi, mwaka wa pili. Ndani ya boksi moja una volti 5, volti 12 chanya na volti 12 hasi, na inakubali umeme kuanzia 88 mpaka 264. Hesabu zote hizo za jioni hazinihusu. Umeme ukishuka mpaka 150, taa za nyumba zinakuwa kama mshumaa, osileta zangu haziyumbi.

Udhaifu wake nausema wazi. Upande wa hasi unatoa nusu ampia tu. MwishoWaReli, ukiongeza hizo moduli mbili tatu utakuwa umefika ukingoni. Na kelele ipo, ila siyo ya hezi 100. Inakaa juu, makumi ya maelfu ya hezi, sikio haliifikii. Kwenye osileta siisikii. Kwenye kichujio nikikivuta hadi kianze kuimba chenyewe, nasikia mchakacho mdogo nyuma. Niliupunguza kwa koili na kapasita moja ya maikrofaradi 470 kila upande, pale umeme unapoingilia kwenye reli ya moduli.

Jingine: skrubu zake za kuingizia umeme ziko wazi. Kidole kikigusa pale ni 230. Mimi nimeifunika na boksi la plastiki la soketi za ukutani. Nyumba yenye watoto usiiache uchi hata siku moja.

KwayaGungu

Samahani wakuu kwa kuingilia. Mimi nina chaja mbili za laptopu, za volti 19. Nikiziunga mkia kwa kichwa si napata 19 chanya na 19 hasi, kisha regulata zinashusha hadi 12? Zinakubali umeme wa 100 hadi 240, na chaja hizi zimejaa kila mahali.

FundiWaUjiji

Swali zuri sana hilo. Inawezekana, ila chaja nyingi za pini tatu zimeungwa ndani: hasi ya kule inakotokea umeme imeshikana na ethi ya plagi. Ukiziunga mbili za namna hiyo, chanya ya moja inakutana na hasi yake yenyewe kupitia ethi ya ukutani. Hiyo ni shoti.

Chukua mita, weka kwenye kupima omu, chaja ikiwa haijachomekwa popote. Ncha moja kwenye pini ya ethi, nyingine kwenye bomba la nje la plagi ya laptopu. Ikilia, iache. Zile za pini mbili huwa zinaelea zenyewe, yaani hazijashikana na ethi, hizo unaweza. Nusu ampia kutoka 19 hadi 12 ni wati tatu na nusu za joto kwenye kila regulata, siyo mbaya. Ila chaja mbili haziswichi kwa mwendo mmoja, na tofauti ya mwendo wao inaweza kushuka hadi ukaisikia kama filimbi nyembamba inayopanda na kushuka. Regulata haiizuii filimbi hiyo vizuri. Weka koili kama alivyosema kijana wa Tabora.

BintiKibirizi

Kaka MwishoWaReli, betri umeitaja halafu ukaipita haraka. Mimi napiga kibodi na mashine ya midundo kwenye shughuli huku Kibirizi, na nusu ya shughuli hizo hakuna soketi ya kuaminika. Kaka zangu ni wavuvi wa dagaa. Taa zao za ziwani siku hizi ni za betri, siyo karabai tena. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi haitoki, dagaa hawafuati taa, na betri zinakaa tu ndani. Siku hizo naazima mbili za volti 12, ampia-saa 7.

Chanya ya moja na hasi ya nyingine zinakutana, na hapo pa kukutania ndipo sifuri. Kila betri ina fyuzi yake, ampia 2, inchi chache tu kutoka kwenye terminali, kwa sababu betri ikipigwa shoti haina huruma, waya unawaka. Ukimya wake nashindwa kuueleza. Spika nimezifungua mpaka mwisho, nasikia pumzi ya kichujio basi. Hakuna G, hakuna filimbi.

Kwa matumizi yako, ukiishia nusu ya betri ili usiiue, upande wa chanya unakaa kama saa 11. Upande wa hasi utachelewa kwa kuwa unakula kidogo, kwa hiyo kila baada ya shughuli nabadilishana nafasi zao ili zizeeke pamoja. Kuchaji ni moja moja, zikiwa zimefunguliwa.

Kasoro ni tuni. Betri inaanza 12.7 na jioni nzima inateremka taratibu, na osileta zangu zinateremka nayo. Kila nusu saa narudisha. Ukicheza peke yako hakuna atakayegundua, ukicheza na mpiga gitaa ataanza kukutazama.

Isevya_Sauti

Dada, hilo la kubadilishana betri nafasi sikuwahi kulifikiria. Asante.

MwishoWaReli

Nimerudi baada ya wiki mbili. Kwanza nilipima umeme wa chumbani siku tano mfululizo. Mchana 228 hadi 236. Saa mbili usiku niliona 187. Kwa namba hiyo trafo ya 15-0-15 inabaki na volti moja na nusu hivi ya akiba, na ile 12-0-12 niliyokuwa nimeshaahidiwa bure nimemrudishia mwenyewe.

Trafo nimeipata Mwanga sokoni, kutoka kwenye amplifaya ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Nikalehemu daiodi nne za 1N5408, kapasita mbili za 4700 za volti 35. Upande wa hasi kapasita inageuzwa, mguu wa chanya unaenda kwenye sifuri. Hapo nilikagua mara tatu kabla ya kuwasha, maana ikiwa kinyume inapasuka.

Kosa nilifanya kwingine. Nilizifunga regulata zote mbili kwenye bati moja la aluminiamu, skrubu kavu, nikaona zimependeza. Nikawasha. Mlio mmoja mfupi, fyuzi imekwenda. Nikaweka nyingine, nayo ikaenda. Ikabidi nisome karatasi ya kila regulata kwa utulivu, ndipo nikaona: mgongo wa chuma wa 7812 ni sifuri, lakini mgongo wa 7912 ni pale umeme wa hasi unapoingilia. Bati lilikuwa linaunganisha hasi yote ghafi na sifuri. Na miguu yao haifanani pia. Kwenye 7812 mguu wa kwanza ndio wa kuingiza, kwenye 7912 mguu wa kwanza ni sifuri.

Nimebandua karatasi za maika (zinazozuia umeme lakini zinapitisha joto) na vishikizo vya plastiki kutoka kwenye ile ile amplifaya, nikapaka mafuta ya joto, nikafunga upya. Kabla ya kuwasha nikapima kwa mita kati ya mgongo wa 7912 na bati: kimya. Sasa natoa 11.96 na hasi 12.03. Nimeiacha saa tatu na mzigo wote, bati lina joto la chai iliyokaa kidogo.

Tatizo limebaki moja. Nikiweka kichujio kwenye sanduku, mvumo upo, mdogo, lakini upo. Na sikuudhania, maana volti haziyumbi hata robo.

FundiWaUjiji

Umefanya vizuri kupima kabla ya kuwasha. Mvumo huo ni wa hezi 50 au 100? Piga noti ya G kwenye osileta uulinganishe kwa sikio.

MwishoWaReli

Shikamoo mzee. Ni G ya chini kabisa. Hezi 50.

FundiWaUjiji

Marahaba. Basi hautoki kwenye daraja la daiodi, ungekuwa 100. Ni usumaku wa trafo yenyewe unaingia kwenye kichujio kupitia hewani. Legeza skrubu za trafo, washa, shika kwa glovu ya mpira, mkono mmoja tu, uizungushe taratibu huku unasikiliza. Au bora zaidi zima kila mara, igeuze robo, washa tena. Kuna upande mvumo utakata. Na waya zote za sifuri zikutane sehemu moja tu, pale katikati ya kapasita mbili, usiziunge kama shanga.

Isevya_Sauti

Hiyo ya kushika na glovu mimi siipitishi, mzee naomba unisamehe. Kijana zima, geuza, washa. Na angalia mkanda wa waya wa moduli: mstari mwekundu kwenye Eurorack ni upande wa hasi, siyo chanya. Nimeshaona mtu anaunguza osileta mbili kwa kuamini rangi nyekundu.

FundiWaUjiji

Kijana wa Tabora yuko sahihi. Nimezoea mimi, nyie msizoee. Zima kwanza.

MwishoWaReli

Nimezima na kugeuza mara sita. Robo mzunguko, na kuisogeza upana wa kiganja mbali na kichujio. Saa nne usiku hii, umeme 191, osileta zote mbili zinaimba kwenye noti moja, na katikati yao hakuna kitu.

KwayaGungu

Chaja zangu zote mbili ni za pini tatu, na mita imelia. Nimeanza kutafuta za pini mbili. Kuna mwenye nayo ya volti 19 Gungu au Mwandiga aniandikie hapa.